Chanda Chema Huvikwa Pete

Msomaji wa safu hii anatujua kwa malalamiko. Kwa miaka mingi tumeandika hapa habari za mabomba yasiyotoa maji, madaraja yaliyobomoka, vyombo vilivyochelewa kuondoka bandarini, na wagonjwa waliosubiri foleni mpaka jua likawachwea. Hatujuti kuandika hayo. Ni kazi ya gazeti kuonyesha ufa kabla ukuta haujaanguka. Lakini liko deni jingine ambalo tumelikalia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, nalo ni deni la kushukuru. Leo tunalilipa hadharani, kwa sababu jambo tulilotendewa lilitendwa usiku, na waliolitenda hawakungoja kusifiwa.

Wahenga wametuachia maneno mawili. La kwanza ni kwamba shukrani ya punda ni mateke. La pili ni kwamba chanda chema huvikwa pete. Kila mtu huchagua mwenyewe aishi kwa neno lipi. Sisi, baada ya yale tuliyoyaona katika hospitali moja ya wilaya kisiwani Pemba, hatuna uchaguzi.

Homa tuliyoisahau

Mjukuu wetu, mtoto wa kiume wa miaka minne, alikuwa amerudi na mama yake kutoka Muheza, mkoani Tanga, walikokwenda kuhudhuria harusi ya upande wa baba yake. Walivuka kwa chombo hadi Wete, na mtoto aliteremka mzima, akiwasimulia wenzake habari za bahari kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Siku ya kumi na moja baada ya kurudi, akapata homa.

Sisi wakubwa wa nyumba tulikutana na kuamua kuwa ni mafua. Kusi lilikuwa limekwisha kuanza kuvuma, na watoto wengi mtaani walikuwa wakikohoa. Tukampa dawa ya kushusha homa, tukamkanda kwa kitambaa cha maji, tukangoja. Malaria haikutujia akilini. Tulipokuwa wadogo sisi, kila homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vingine. Siku hizi visiwani kwetu kila homa ni mafua, na anayetaja malaria huonekana mtu wa zamani. Kusahau huko kulikaribia kutugharimu mtoto.

Usiku wa pili, muda mfupi baada ya saa sita, mtoto aligeuza macho juu, akakaza meno, na mwili wote ukaanza kutukutika. Nyumba nzima iliamka. Jirani mmoja, mtu mwenye umri na heshima yake, alifika akasema, "Hilo degedege hilo. Msimpeleke akapigwe sindano, mtampoteza." Wengine wakaunga mkono. Mmoja akataka avukizwe, mwingine akamkumbuka fundi aliyeko kijiji cha pili. Sisi, ambao huandika katika gazeti hili kuwashauri wengine, tulisimama katikati ya ua tukijadiliana, na mjadala ule ulikula karibu saa nzima. Tunaliandika hili bila ya kujitetea.

Aliyekata shauri ni mama yake mtoto. Hakubishana na mtu. Alimfunga mwanawe kwa kanga, akasimama mlangoni, akasema, "Baba, mie nakwenda. Anayekuja na aje."

Kituo cha afya cha karibu kilikuwa kimefungwa tangu alasiri. Tulimgongea mlango mwenye gari la kupakia karafuu, naye akatoka na shuka yake begani bila ya kuuliza mengi. Hadi leo amekataa kupokea fedha za petroli.

Mtoto kwanza, karatasi baadaye

Tulifika hospitalini yapata saa nane za usiku. Katika benchi la nje walikuwapo watu wanne au watano. Mmoja wao alikuwa mvuvi mzee aliyechomwa na mwiba wa taa, yule samaki wa mchangani, na mguu wake ulikuwa umevimba kama mto wa kulalia. Yeye alifika kabla yetu, na maumivu ya mwiba ule kila mtu wa pwani anayajua.

Muuguzi aliyekuwa mlangoni alimtazama mtoto mara moja tu. Hakuuliza jina. Hakuuliza shehia. Hakuuliza kadi. Bibi yake mtoto alipoanza kueleza habari tangu mwanzo, kama ilivyo ada ya wazee, muuguzi alinyosha mikono akasema, "Karatasi tutaandika baadaye, bibi. Nipeni mtoto." Mvuvi yule akauvuta mguu wake kwa mikono miwili ili tupate njia, akasema, "Pitisheni mtoto, pitisheni."

Maneno yale ya muuguzi yalitushika mahali penye kidonda. Tunaukumbuka usiku mwingine, miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo hatutaitaja, pale tulipoulizwa dirishani jina, umri na mtaa, tena tukarudishwa kwenda kutafuta karatasi, huku mtoto wa ndugu yetu akipumua kwa taabu mikononi mwa mama yake. Aliyekuwa dirishani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifuata utaratibu aliofundishwa, na utaratibu ule ulianza na kalamu. Mtoto yule hatukurudi naye nyumbani.

Safari hii utaratibu ulianza na mtoto. Alilazwa ubavu ili asipaliwe na mate. Kinywa chake kilitazamwa, pumzi zake zikahesabiwa, akawekewa mpira mwembamba puani wa kumpa hewa ya oksijeni. Alipewa dawa ya kutuliza mtukutiko. Kidole chake kikatobolewa, na damu ikawekwa katika vipimo viwili: tone moja kupima sukari, na jingine kupima malaria. Yote haya yalifanyika kabla jina lake halijaandikwa popote.

Sukari ilikuwa imeshuka mno. Malaria kali huila sukari ya mwili wa mtoto, na huyu wetu hakuwa ametia kitu tumboni tangu mchana. Sukari ikishuka kiasi hicho, ubongo hukosa chakula chake, na mtoto anaweza kupoteza maisha hata kama dawa ya malaria imekwisha kuingia mwilini. Muuguzi aliutafuta mshipa katika mkono mdogo uliolegea, akaupata, na maji ya sukari yakaanza kushuka. Wakati huohuo tabibu alimgeukia mama akauliza swali moja: "Mtoto huyu amesafiri?" Mama akajibu, "Tulikuwa Muheza." Tabibu akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Kipimo cha malaria kilipokamilika, nacho kikasema hivyo hivyo, na sindano ya kwanza ya atesuneti ikadungwa mshipani.

Katikati ya shughuli hiyo umeme ukazimika. Umeme wa Pemba huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na wenyeji wa visiwa hivi, hasa wale wa Unguja waliokaa gizani miezi mitatu tangu Desemba 2009, wanajua maana ya kuutegemea waya mmoja. Mtambo wa oksijeni ulinyamaza. Muuguzi aliendelea kwa mwanga wa simu ya mkononi, mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mtoto. Baada ya muda ambao haukuzidi dakika mbili, jenereta ikanguruma nyuma ya jengo na mtambo ukarudi kufanya kazi.

Asubuhi tulimtafuta mtu wa jenereta. Tulimkuta akinawa mikono kwa mchanga ili kuondoa mafuta. Tulipomwambia tumekuja kumshukuru, alishangaa, akadhani tumekosea mtu. Alisema kazi yake ni kuhakikisha mafuta yamo na kuiwasha mashine kila wiki hata kama umeme upo, ili siku ya haja isikatae. Hakuna zaidi, alisema. Kwetu sisi hilo ni jambo kubwa sana.

Sindano ya pili ilifuata baada ya saa kumi na mbili, na ya tatu ilipotimia siku moja kamili. Kabla ya sindano hiyo ya tatu mtoto alifumbua macho, akaomba maji, kisha akalalamika kwamba mpira wa puani unamkera. Tumeishi kwa kuandika malalamiko, lakini hatujapata kufurahia lalamiko la mtu yeyote kama lile.

Halikuwa jambo la bahati

Ilipoenea habari kwamba mtoto amepona, wengi walituambia, "Mna bahati." Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila hali. Lakini neno bahati likiachwa peke yake, huwanyima haki yao watu waliofanya kazi, na huwapumzisha wale ambao hawakuifanya. Tuyatazame mambo yaliyomponya mtoto huyu moja baada ya moja.

La kwanza ni kumtazama mgonjwa kabla ya kumwandika. Hili nalo lina asili yake. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, nchini Malawi, Daktari Elizabeth Molyneux na wenzake waliona kwamba watoto wengi wanaofia hospitalini hufa katika siku ya kwanza, wengine wakiwa bado kwenye foleni. Wakaipanga upya sehemu ya kupokelea watoto, ili kila anayeingia atazamwe mara moja na aliye hatarini atangulizwe. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya 10 na 18 katika kila 100, vilishuka hadi kati ya 6 na 8. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa mafunzo ya namna hiyo mwaka 2005. Hakikuhitajika jengo la ghorofa. Walihitajika watu waliofundishwa, meza iliyowekwa pahala panapostahiki, na vifaa vilivyo karibu na mkono.

La pili ni dawa yenyewe. Kwa vizazi vingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini, na wengi miongoni mwetu tunaukumbuka ukali wake na mvumo wake masikioni. Atesuneti imetokana na mmea ambao Wachina waliutumia tangu zamani kwa homa. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waliipata nguvu ya mmea huo katika miaka ya 1970, na kwa kazi hiyo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100, na waliopewa atesuneti 8.5. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo waliotibiwa Muheza. Basi msomaji na alitafakari hili: mjukuu wetu aliupata ugonjwa Muheza, na watoto wa Muheza, miaka mingi kabla yeye hajazaliwa, walisaidia kuthibitisha dawa iliyomponya. Wazazi waliokubali watoto wao waingie katika utafiti ule hatuwajui hata mmoja. Wao pia tunawashukuru.

La tatu ni swali la tabibu: "Mtoto huyu amesafiri?" Swali hilo linaonyesha kwamba wataalamu wetu wanaukumbuka ugonjwa ambao sisi raia tumeusahau. Malaria inayoonekana Unguja na Pemba siku hizi kwa sehemu kubwa huja na wasafiri kutoka Bara. Anayeujua ukweli huo huokoa wakati, na kwa mtoto mwenye degedege wakati ndio uhai.

Mambo haya hayakudondoka kutoka mbinguni usiku ule. Yalikuwa yamepangwa mchana, na watu ambao wengi wao hawatamwona mtoto aliyepona kwa kazi yao.

Tulikwisha kushinda, tukaacha

Wazee wa visiwa hivi wanaikumbuka kampeni ya kwanza ya kuitokomeza malaria, ile ya watu waliopita nyumba kwa nyumba wakipuliza dawa ukutani. Ugonjwa ulishuka sana. Mwaka 1968 kampeni ikasimamishwa, na ugonjwa ukarudi. Katika miaka ya 1980 tukajaribu tena kwa fedha za kigeni. Fedha zikaisha, na ugonjwa ukarudi tena.

Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa za mseto, na mwaka 2006 zikafuata ngao mbili, vyandarua vyenye dawa na upulizaji majumbani. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 kati ya 2002 na 2005. Baadaye vimelea vya malaria vikawa havionekani hata kwa mtu mmoja katika kila mia wanaopimwa. Ni ushindi ambao nchi kubwa kuliko yetu zinautamani.

Lakini ushindi una hatari yake. Mtoto anayekua pasipo na malaria hana kinga ya mwili dhidi yake, na wazazi wanaokaa miaka bila ya kuiona huacha kuiogopa. Chandarua hugeuzwa wavu wa kufugia vifaranga. Homa huitwa mafua. Kisha anakuja mgeni mmoja, au anarudi msafiri mmoja kutoka harusini, na mbu wangali wapo.

Siku chache baada ya kutoka hospitalini tulipata somo jingine. Alifika nyumbani kwetu kijana mmoja kwa pikipiki, akajitambulisha kuwa ni afisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya. Kwa utaratibu ambao ulianza kutumika visiwani mwaka 2012, kila mgonjwa aliyethibitishwa hutolewa taarifa kwa simu, na afisa humfuata nyumbani kuwapima wenzake. Kijana yule alitupima sote, mmoja mmoja. Mama yake mtoto, ambaye hakuwa na homa wala maumivu ya kichwa, alikutwa na vimelea. Alipewa dawa papo hapo. Tulikuwa tumekaa naye siku zote hizo tukimsifu kwa afya yake.

Kuhusu degedege

Tunataka kusema neno kwa jirani yetu na kwa wote wanaofikiri kama yeye, na tunalisema kwa heshima. Imani kwamba sindano humuua mtoto mwenye degedege haikuzuka kwa ujinga. Watu waliona kwa macho yao: mtoto kashikwa na degedege, kapelekwa hospitali, kapigwa sindano, kafa. Walichoona ni kweli. Ila mtoto huyo alikuwa amekwisha kukaa siku mbili au tatu nyumbani, na sindano ilimkuta amekwisha kuchoka. Sindano ilikuja mwisho, ikabeba lawama ya ucheleweshaji.

Jirani yetu alikuja kumwona mtoto alipotoka hospitalini. Alimshika kichwa, akamtazama mikono iliyokuwa na alama za sindano, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe anapona." Hatukumwongezea neno. Tangu siku hiyo amekwisha kuwapeleka hospitali watoto wawili wa jamaa zake, mmoja wao usiku. Dua na kombe havimzuii mtu kwenda hospitali. Mzazi anaweza kumwombea mwanawe njiani, gari likiwa linakwenda.

Mtoto wa Kojani

Kabla ya kuiandika makala hii tulijiuliza swali linalouma: je, tulihudumiwa vile kwa sababu sisi ni watu wa gazeti? Tulichunguza. Usiku ule hakuna aliyetujua. Na siku ya pili, tukiwa bado wodini, aliletwa mtoto wa kike wa mkulima wa mwani kutoka Kojani, akipumua kwa taabu. Muuguzi alikuwa mwingine, wa zamu ya mchana. Naye alinyosha mikono kabla ya kuuliza jina. Hapo moyo wetu ukatulia. Huduma ambayo mtu aipata kwa kujulikana ni fadhila. Ile anayoipata asiyejulikana na mtu ndiyo haki.

Lakini mama yule alitueleza safari yake. Sisi tulikuwa na barabara na gari la karafuu. Yeye alikuwa na maji mbele yake. Alingoja mtumbwi, akangoja bahari ijae ili mtumbwi uelee, kisha ndipo akatafuta gari. Wakaazi wa Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza wanaijua hesabu hiyo. Kwao ugonjwa wa ghafla huanza kwa kutazama bahari.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu wa afya mambo manne, nasi tunayaomba kama watu walioonja wema na wanaotaka wenziwao waonje.

Kwanza, utaratibu wa kumtazama mtoto kabla ya karatasi uwe ndio desturi ya kila hospitali na kila kituo, mchana na usiku, na kila mtumishi mpya afundishwe, hata mlinzi wa mlangoni, kwani mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa.

Pili, visiwa vidogo viwe na chombo kinachojulikana cha kubebea wagonjwa, chenye mafuta na nahodha anayepatikana usiku. Vituo vyao viwe na ile atesuneti ya kuwekwa kwa njia ya haja kubwa, ambayo Shirika la Afya Duniani limeikubali kwa watoto wa chini ya miaka sita wenye dalili za malaria kali, ili safari ya kuelekea hospitali isiwe safari bila ya dawa.

Tatu, mafuta ya jenereta, mitungi na mitambo ya oksijeni, vipimo vya sukari na vya malaria visingoje kuisha ndipo vikaagizwa. Mtu wa jenereta tuliyemtaja ametufundisha sote: mashine huwashwa wakati haihitajiki ili iwake wakati wa haja.

Nne, fedha za kupambana na malaria zisipunguzwe kwa hoja kwamba malaria imekwisha. Hoja hiyo tumekwisha kuisikia mara mbili, na mara mbili tumeilipia.

Hatusemi kwamba hospitali ile haina kasoro. Akina mama walilala chini kwa mikeka. Muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono yake, na tulimwona akila chakula chake akiwa amesimama. Kasoro hizo tutaziandika siku nyingine, kama ilivyo desturi yetu. Lakini anayejua kulaumu tu hajui anachokitaka. Atakapoonyeshwa kazi iliyofanywa vizuri, naye akakaa kimya, basi amewafundisha watumishi kwamba kufanya vizuri na kufanya vibaya ni sawa.

Kwa wananchi wenzetu tuna ombi fupi zaidi. Mtoto akipata homa, hasa akiwa amevuka bahari karibuni, apimwe siku hiyohiyo. Chandarua kirudishwe kitandani. Na anayehudumiwa vizuri aseme. Aende kwa sheha, amwandikie mkuu wa hospitali, alete barua katika gazeti hili. Ukurasa wa barua umejaa manung'uniko, nayo yana haki ya kuwapo, lakini nafasi ya barua za shukrani haijapata kujaa hata siku moja.

Muuguzi wa usiku ule hatumtaji jina, kwa kuwa yeye mwenyewe alituomba tusimtaje. Alisema akitajwa yeye, wenzake watano wa zamu hiyo watakuwa wameachwa. Basi tunawavika pete wote kwa pamoja: yeye, tabibu, mtu wa maabara, mtu wa jenereta, mfagiaji aliyekipangusa kitanda kabla mtoto hajalazwa, na kijana wa pikipiki. Na mvuvi mzee, aliyeuvuta mguu wake unaouma ili mtoto wa watu apite, tunamwambia kwamba mtoto yule yu hai, anakimbia, na juzi ameanguka kutoka juu ya ukuta wa jirani. Hakuumia.